Noti ya Cuba ya peso 3: kwa nini 3, na kwa nini mkuu wa benki alisaini "Che" tu?

#1 Bwana Sarafu
Wakuu salaam. Nakusanya noti za visiwa vya Karibi na nina mbili za Cuba zinazoninyima usingizi.

Ya kwanza ni peso 3, nyekundu, ya 1983. Mbele kuna sura ya Ernesto "Che" Guevara, Mwargentina aliyepigania mapinduzi ya Cuba pamoja na Fidel Castro, nyuma Che huyo huyo anakata miwa, panga mkononi. Nimeachiwa na baba mdogo aliyesoma huko miaka ya 80. Ya pili ni peso 1 ya 1961. Mbele ni José Martí, shujaa wa uhuru wa Cuba, nyuma Fidel anaingia Havana Januari 1959 katikati ya umati. Sasa tazama sahihi ya rais wa benki: herufi tatu tu, "Che". Hakuna Ernesto, hakuna Guevara.

Nani aliamua noti iwe ya 3? Na hivi kweli mkuu wa benki kuu anaruhusiwa kusaini pesa ya nchi kwa jina la kijiweni? Wajuzi karibuni.

#2 Chifu Nyumbu
Tupia picha mkuu. Bila picha hii ni chai.

#3 Mchumi Uchwara
Picha za nini, noti hizo zipo tele mtandaoni. Mleta mada, hiyo sahihi ina kisa. Baada ya mapinduzi Fidel alikaa na makamanda wake akauliza, "Nani hapa ni mchumi?" Che akanyoosha mkono, akapewa benki. Baadaye Fidel akamwambia sikujua kama wewe ni mchumi, naye akashtuka: "Mchumi? Mimi nilisikia unauliza nani mkomunisti!" Mtu wa namna hiyo mnategemea asaini vipi?

#4 Mzee wa Noti
Mchumi, hicho ni kichekesho, na Wacuba wenyewe wamekisimulia miaka yote. Usikiweke kama historia, vijana watakinakili kwenye insha zao.

Kilichotokea ni hiki. Benki ya Taifa ya Cuba ilianza kazi 1950, rais wake wa kwanza akiwa Felipe Pazos, mchumi hasa. Baada ya mapinduzi Pazos alirudishwa kwenye kiti, halafu 26 Novemba 1959 akaondolewa na Che akawekwa. Kabla ya hapo Che alikuwa anasimamia idara ya viwanda ndani ya taasisi ya mageuzi ya ardhi, kwa hiyo hakuokotwa porini. Alikaa benki hadi Februari 1961, akahamishiwa Wizara ya Viwanda.

Ndiyo maana sahihi yake ipo kwenye noti za mwaka 1960 na 1961. Bwana Sarafu, elewa tofauti: peso 3 yako ina sura yake, haina sahihi yake. Peso 1 yako ina sahihi yake, haina sura yake. Kuna watu mtandaoni wanauza peso 3 kwa maneno "imesainiwa na Che mwenyewe". Mtu aliyeuawa Bolivia Oktoba 1967 hawezi kusaini noti ya 1983.

#5 BintiMzizima
Mzee wa Noti, nashukuru kwa nondo, ila swali la sahihi umeliruka. Mimi naona jibu liko wazi: aliidharau pesa. Huyu ni mtu aliyeamini kwamba watu wafanye kazi kwa moyo, si kwa bahasha, na mwenyewe alikuwa anakwenda kubeba magunia na kukata miwa siku za kupumzika. Ukimpa mtu kama huyo pesa asaini, anaweka herufi tatu anasonga mbele. Wenye akiba zao benki waliona wametukanwa mchana kweupe.

#6 Mpiga Chapa
BintiMzizima, hoja yako ndiyo inayosemwa sana, hasa na Wacuba waliokimbilia Miami. Lakini yeye mwenyewe aliwahi kumjibu kwa barua mtu aliyelalamikia sahihi hiyo. Kwa kifupi alisema kusaini hivyo hakumaanishi anaidharau hati, ila mapinduzi hayajaisha na watu wabadili namna wanavyopima thamani ya vitu.

Na kuna sababu ndogo ya kawaida ambayo watu hawaipendi kwa sababu haina tamthilia: hivyo ndivyo alivyokuwa anasaini. Barua, vyeti, vitabu alivyogawa, "Che". Mchapaji anachukua sahihi yako kama ilivyo kwenye karatasi, anatengeneza nayo bamba la kuchapia. Hakuna mtu anayekaa na rundo la noti akisaini moja moja.

#7 BintiMzizima
Mpiga Chapa, mtu anayesema "badilini namna mnavyopima thamani" kwenye barua kuhusu PESA, halafu unaniambia haidharau? Umenipa ushahidi wangu mwenyewe. Asante sana kaka.

#8 Kigoma_Ujiji
Nimecheka hapo juu. Sasa mimi nitoe jibu la swali la kwanza, na linatoka kwetu ziwani.

Che alipokuja kupigana Kongo 1965 alipitia Dar, akaja Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika usiku. Akiwa kule hakuitwa Che. Aliitwa Tatu, na walichukua namba za Kiswahili wakazifanya majina. Wazee wa huku wengine wanakumbuka zile boti. Leo mnashangaa kwa nini noti yake ni ya peso 3? Tatu! Wacuba waliomzunguka walijua, wakamwekea namba yake.

#9 Chifu Nyumbu
Tatu ni jina la shangazi yangu wa Bagamoyo. Kwa hiyo naye adai noti yake?

#10 Msomaji Kimya
Kigoma, historia uliyoileta ni ya kweli na ningependa watu waijue vizuri, ila mwisho umerukia.

Walitangulia watatu. Víctor Dreke, kamanda mweusi, aliitwa Moja na ndiye aliyeonyeshwa kama mkubwa wa kikosi. José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili. Che akachukua Tatu ili ajifiche: alitambulishwa kama daktari na mkalimani wa Kifaransa, mtu wa nyuma nyuma. Hata viongozi wa waasi hawakujua mwanzoni kuwa ni yeye. Walivuka Aprili 1965, wakaondoka Novemba mwaka huo huo mambo yakiwa yameharibika, na yeye akakaa miezi kadhaa amejificha ubalozi wa Cuba Dar es Salaam akiandika kumbukumbu za vita ile. Anaanza kwa kukiri kwamba ni hadithi ya kushindwa.

Sasa nieleweshe: serikali ya Cuba ilificha habari za Kongo kwa miaka mingi, na kumbukumbu zile zilitoka hadharani miaka ya 90. Noti ni ya 1983. Ungeweka fumbo kwenye pesa inayopita mikononi mwa wananchi wote kuhusu jambo ambalo serikali yenyewe bado hailisimulii waziwazi?

#11 Kigoma_Ujiji
Ndiyo maana ya fumbo, mkuu! Likijulikana si fumbo tena.

#12 Nairobi2Toronto
Hamjambo. Mkenya hapa, niko Canada, na huku watu huenda Cuba likizo kama sisi tulivyokuwa tukienda Mombasa Disemba. Nimekuwa Havana kabla hawajaunganisha pesa zao, na hiyo peso 3 ndiyo iliyonifunza adabu.

Wakati huo kulikuwa na pesa mbili. Peso ya wananchi, na peso ya kubadilishika ambayo wageni walilazimika kuitumia. Moja ya kubadilishika ilikuwa sawa na 24 za wananchi. Sasa mimi nimelipa kinywaji kwenye baa moja, nikarudishiwa chenji na ndani yake kuna noti ya 3 yenye sura ya Che. Nikafurahi kabisa, hata nikampiga busu Che. Kumbe nimepewa 3 ya wananchi mahali pa 3 ya wageni. Hiyo ni kama senti 12 za dola.

Mwenyeji mmoja akanifunza: noti yenye sura ya mtu ni ya wananchi, yenye sanamu au mnara ni ya wageni. Ile 3 ya wageni ilikuwa na sanamu ya Che iliyoko Santa Clara, si uso wake. Ukishajua hivyo hutadanganywa tena.

Na mtaa wa Obispo kule mji wa kale vijana walikuwa wanaziuza hizo peso 3 kwa watalii, moja kwa peso nzima ya kubadilishika. Faida mara nane bila jasho. Che angesemaje sijui.

#13 Chifu Nyumbu
Dada umebusu noti ya baa? Pole na mafua.

#14 Mzee wa Noti
Nairobi2Toronto umeeleza vizuri kuliko katalogi. Niongeze tu kwa wanaonunua leo: ile ya kubadilishika ilifutwa kuanzia 1 Januari 2021. Noti zake sasa ni za albamu tu.

#15 Makorokoro
Wakuu mnazunguka mbuyu. Jibu la "kwa nini 3" liko Moscow. Urusi ya Kisovieti ilikuwa na noti ya rubo 3 maisha yake yote. Chekoslovakia walikuwa na koruna 3. Mongolia tugriki 3. Romania lei 3, Bulgaria leva 3. Ukisimama mwaka 1983 ukatazama marafiki wa Cuba, kila upande kuna 3 au imewahi kuwepo. Na noti za Cuba za 1961 zilichapwa Prague, kwa hao hao wenye koruna 3. Che amewekwa pale baadaye kama pambo, namba ilikuwa ya kambi ya kikomunisti.

#16 Mpiga Chapa
Makorokoro hoja ni nzito lakini ina tundu: kama walikopa kutoka Prague, kwa nini toleo lenyewe lililochapwa Prague mwaka 1961 halina 3? Lina 1, 5, 10, 20, 50 na 100. Walisubiri miaka zaidi ya 20 ndipo wakumbuke?

Halafu 3 si mali ya wakomunisti. Bahamas, papo hapo jirani, walitoa noti ya dola 3 mwaka 1966 walipoacha pauni. Dola moja yao ilipangwa kuwa shilingi 7, hivyo dola 3 ni shilingi 21, karibu sawa na pauni waliyoizoea watu. Malkia Elizabeth yupo juu yake, hakuna ukomunisti hapo.

#17 Mchumi Uchwara
Nirudi baada ya kuaibishwa na Mzee wa Noti. Mimi naona nafasi zilikuwa zimejaa mashujaa. Martí ana 1. Maceo ana 5. Máximo Gómez ana 10. Camilo Cienfuegos, kamanda mwenzake Che kwenye mapinduzi, ana 20. Calixto García 50, Céspedes 100. Umemleta Che, unamweka wapi? Unamwondoa nani? Hakuna anayethubutu kumgusa Martí au Maceo. Unatengeneza kiti kipya katikati ya 1 na 5. Hesabu ya sherehe, si ya uchumi.

#18 Mzee wa Noti
Hiyo naikubali nusu. Mashujaa wa Cuba wamehamishwa viti bila kuulizwa. Angalia toleo la zamani lililochapwa New York na American Bank Note Company: Martí 1, Gómez 5, Céspedes 10, Maceo 20, García 50, na 100 alikuwa Francisco Vicente Aguilera. Ikaja 1961, Maceo kashushwa kutoka 20 hadi 5, Gómez kapandishwa, Céspedes karuka hadi 100, na Aguilera kafutwa kabisa. Ile 20 akapewa Camilo, ambaye ndege yake ilipotea Oktoba 1959, hata miaka miwili haikuwa imepita.

Kwa hiyo wakitaka kukuhamisha wanakuhamisha. Kumpandisha Camilo ilikuwa rahisi, kwa nini kwa Che ishindikane?

#19 BintiMzizima
Maceo kushushwa kutoka 20 hadi 5 imeniuma. Jenerali mweusi aliyepigana vita karibu zote za uhuru, kajeruhiwa mara nyingi kuliko umri wangu, mnamshusha cheo kwenye pesa?

#20 Mpiga Chapa
Lakini dada, 5 inashikwa na watu wengi zaidi ya 20. Wengine wangeona kapandishwa.

#21 Kaka Mkubwa wa Tanga
Nimesoma uzi wote. Hongereni. Swali dogo: Fidel mwenyewe yuko wapi? Nasikia alikataa kabisa kuwekwa kwenye pesa. Hilo nampa heko, maana huku Afrika tumeona wenye sura zao kila noti hadi ya mwisho.

#22 Msomaji Kimya
Kaka Mkubwa, soma tena #1. Peso 1 ya 1961, nyuma, Fidel huyo hapo anaingia Havana. Na peso 10 ya toleo lile lile, nyuma, anahutubia umati wa 1960. Mbele hayupo, ni kweli.

Toleo zima la 1961 nyuma yake ni hadithi inayokwenda. Peso 100 ni shambulio la kambi ya Moncada 1953. Peso 20 ni wapiganaji wa meli ya Granma wakitua ufukweni 1956. Peso 5 ni safu za waasi zikisonga 1958. Peso 1 ni ushindi. Peso 50 ni kutaifishwa kwa makampuni. Ukizipanga mezani unapata mapinduzi yote bila kusoma kitabu. Noti za New York zilikuwa na nakshi nzuri zaidi, mistari ya bamba la chuma unaihisi kwa ukucha, lakini za Prague zinasema zaidi.

#23 Nairobi2Toronto
Swali la mshamba: Che aliondoka benki Februari 1961, na wazee wa Cuba huku wanasema pesa ilibadilishwa Agosti. Mbona noti mpya zina sahihi yake?

#24 Mzee wa Noti
Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Zilichapwa mapema kwa siri, zikakaa ghalani. Bamba lilishatengenezwa na sahihi yake.

Halafu Agosti 1961, mwisho wa wiki, tangazo likatoka ghafla: pesa zote za zamani zinakufa, nendeni mkabadilishe sasa hivi. Kila familia ilipewa taslimu mpya hadi peso 200. Zilizobaki ziliwekwa kwenye akaunti, na ukomo ulikuwa 10,000. Zaidi ya hapo, kwaheri. Aliyetorokea Florida na sanduku la peso amebaki na karatasi. Ndiyo lilikuwa lengo: kuua pesa iliyoko nje na iliyofichwa chini ya magodoro.

Ndiyo maana noti za 1960 na za nyuma unazipata nyingi kwa wafanyabiashara wa Marekani.

#25 Mchumi Uchwara
Kenya 2019 walipoua noti za zamani za 1000 walitangaza 1 Juni, mwisho 30 Septemba, na bado watu walilia. Wacuba walipewa siku mbili tatu.

#26 Makorokoro
Siku mbili tatu na jina la utani juu ya noti. Baba yangu angeanguka.

#27 Mkusanya Vumbi
Salaam wote. Mmesahau kitu kitamu kuliko vyote. Katalogi zinaorodhesha peso 20 ya 1961 bandia, zenye herufi na namba za mwanzo F69 na F70, na zinasema zilitengenezwa na Wamarekani kwa ajili ya uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe, ule wa Wacuba waliokimbia nchi kutaka kumwangusha Fidel. Mbele Camilo, sahihi Che, kila kitu kama halali. Mwenye kuijua hiyo atuambie.

#28 Msomaji Kimya
Mkusanya Vumbi, pale ndipo tarehe zinapogombana. Uvamizi ulikuwa 17 Aprili 1961. Noti mpya zimetolewa Agosti. Utamwaga vipi noti ambazo mwananchi bado hajaziona? Angeishika akakuuliza hii ni nini.

#29 Makorokoro
Labda mtu wa Prague aliwavujishia sampuli wakazitengeneza mapema, wakijua zinakuja.

#30 Mpiga Chapa
Au zilitengenezwa baada ya uvamizi, kwa hujuma ya uchumi, halafu muuzaji akazibandika jina la Ghuba ya Nguruwe kwa sababu linauza. Kwenye biashara ya noti, hadithi nzuri inapandisha bei kuliko karatasi nzuri.

#31 Kigoma_Ujiji
Au ni za Wacuba wenyewe, mtego.

#32 Chifu Nyumbu
Au ni za shangazi Tatu.

#33 Bwana Sarafu
Wakuu, nimerudi, kazi zilinibana. Asanteni sana. Picha nitaweka, ila ile peso 3 inang'aa kwenye kamera kwa sababu baba mdogo aliipeleka stesheneri ikapigwa laminesheni ili isichakae.

#34 Mzee wa Noti
Yesu na Maria.

#35 Mpiga Chapa
Usijaribu kuitoa! Joto limeshayeyusha gundi ndani ya karatasi, ukivuta inachanika pamoja na sura. Iache hivyo hivyo, ni kumbukumbu ya familia. Ukitaka ya albamu nunua nyingine, si ghali. Iweke kwenye mfuko laini usio na PVC (aina ya plastiki inayoharibu noti), usiguse uso wake kwa vidole vyenye mafuta, na usiipige pasi.

#36 BintiMzizima
Jamani nani anapiga pasi noti?

#37 Nairobi2Toronto
Mimi.

#38 Kaka Mkubwa wa Tanga
Hahaha. Mzee wa Noti, hiyo peso 1 ya 1961 yake inauzwaje? Kuna jirani yangu anazo kadhaa, alikuwa baharia.

#39 Mzee wa Noti
Za 1961 zenye sahihi ya Che si adimu, zimechapwa nyingi. Bei inategemea hali. Yenye mikunjo na matundu ya pini utapata ya chakula cha mchana. Isiyotumika kabisa, pembe kali, hapo tunaongea. Mwambie jirani asizisafishe na asizifunge na mpira, ule mpira unaacha alama ya njano haitoki. Na akiwa na peso 20 ya mwaka huo, asome herufi ya mwanzo kabla ya kuonyesha mtu yeyote.

#40 Kaka Mkubwa wa Tanga
Nimempigia sasa hivi. Anasema ya 20 ipo moja, inaanza na F, lakini namba zilizofuata panya wamepita nazo.